Pua, Paji na Pembe ya Fahali

Vijana wangu, nyinyi mnaonitumia picha za majeraha kwa simu kabla hata sijamaliza chai ya asubuhi, leo nawajibu wote kwa mpigo mmoja. Mnaniuliza, "Dokta Keji, hapa ungekata wapi?" Nimestaafu, jamani. Nakaa zangu Hai Mauna, hapa Juba, jirani wa kushoto anachomelea mageti, wa kulia anashona sare za shule, na kelele zao zinanitosha. Lakini picha zenu naziangalia. Siwezi kuacha. Mtu aliyezoea kurekebisha nyuso za watu hata kanisani hamsikilizi mhubiri, anatazama kovu la shemasi na kujiuliza ni nani aliyemshona vile.

Kwa wasionijua, mama yangu ni wa Rejaf, karibu na Juba, akanizaa ukimbizini Kenya. Nilisomea huko, nikarudi Juba na Kiswahili cha Nairobi na Kiarabu cha kubabaisha ambacho watoto wa mtaani walinicheka mpaka kikanyooka. Upasuaji wa kawaida nilifundishwa chuoni. Huu wa kurekebisha maumbile, wa makovu na midomo iliyopasuka na mikono iliyoungua, nilifundishwa na mtu mmoja, Daktari Wasswa. Alikuwa Mganda mfupi mwenye kitambi, aliyekuja Juba akisema atakaa kidogo tu, akakaa mpaka nywele zikamwisha kichwani.

Siku ya kwanza nilishona haraka haraka ili anione hodari. Alisimama nyuma yangu, akasema, "Keji, wewe iko haraka ya nini? Ngozi hapana basi ya kwenda Nimule, mpakani. Haitakuacha." Akanifumulia uzi wote nikaanza upya. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na katika kazi yetu hadiriki hata kushona.

Kovu linalovuta alinifundishia mguu wa mbuzi. Kovu la moto kwenye kiwiko ni kamba fupi: mkono haunyooki. Ukilichana kwa urefu wake na kulishona vilevile, umelifupisha zaidi. Kwa hiyo unapasua mstari juu ya kovu, halafu kwenye kila ncha unaongeza mstari wa mshazari, mmoja huku, mwingine kule, mpaka upate umbo la herufi Z. Hapo una pembetatu mbili za ngozi. Zibadilishie nafasi. Kovu linarefuka, kwa sababu umekopa upana wa pembeni ukaugeuza urefu. Kwenye karatasi ni rahisi mno. Ndiyo maana Wasswa alinituma soko la Konyo Konyo kununua miguu ya mbuzi yenye ngozi yake, na mchinjaji akaniuliza kama kwetu tunakula manyoya. Nilikata, nikashona, nikafumua, jioni tukanywa supu. Nyinyi mna video. Tazameni video, sikatai, lakini video haiwaambii ngozi inavyogoma mkononi.

Msidhani mwalimu wangu hakukosea. Kulikuwa na dereva wa boda boda aliyeangukia egzosi ya moto akaungua kiganja. Wasswa akachukua ngozi nzima, na unene wake wote, kutoka chini ya tumbo, akaipandikiza. Ilishika vizuri sana. Miezi ikapita, dereva akarudi na mkono mfukoni. "Dokta, kiganja changu kimeota ndevu." Kumbe muuguzi alikuwa amemnyoa mgonjwa vizuri kabla ya kumleta thieta, na Wasswa alipotazama pale tumboni aliona ngozi laini tupu. Ngozi huhama na tabia zake. "Mimi natengeneza kiganja, Mungu naongeza nywele," Wasswa alisema, na alikisimulia kisa hicho kwa kila kundi jipya la wanafunzi huku akijicheka mwenyewe. Basi mtazameni mgonjwa kabla hajanyolewa. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo mkisifiwa, mkumbukeni yule dereva, mtu wa kwanza Juba kunyoa kiganja.

Jambo jingine ni rangi. Vitabu vyetu vilisema kipande cha ngozi kilichohamishwa kiwe na rangi ya waridi, ndipo ujue damu inafika. Waridi ya nani? Wagonjwa wetu ni weusi, wengine weusi wa kung'aa. Ukingoja waridi utazika ngozi iliyo hai na kuisifu iliyokufa. Gusa kwa mgongo wa kidole usikie joto. Halafu chukua sindano nyembamba, choma kidogo. Ikitoka damu nyekundu angavu, nenda ukanywe chai. Ikitoka nyeusi nyeusi na upesi, damu inaingia lakini haipati njia ya kutoka. Isipotoka kitu, usikae chini.

Na hawa wanaowaletea picha za wasanii kwenye simu, nataka pua hii, nataka mdomo huu, msiwacheke. Nimewaona mkiwacheka. Mtu hapandi ngazi za hospitali kwa sababu ya uso wake kama uso huo haumuumi mahali. Wale wa krimu za kujichubua waambieni waache kwanza, mngoje ngozi ipate nguvu, maana uzi hauishiki. Wenye makovu yanayofura masikioni msiwakate tu na kuwaaga, yatarudi makubwa kuliko mwanzo. Kuna sindano, kuna kubana, kuna subira. Lakini kabla ya yote muulizeni mtu anataka abaki na nini. Tunauliza sana mtu anataka kuondolewa nini. Hilo swali la kubaki na nini nilijifunza kwa Wani, na ndilo lililonifanya niandike leo.

Wani aliletwa na dada yake, Kiden, muuza maziwa wa Konyo Konyo. Ni Wamundari, wafugaji wa kaskazini ya Juba. Kiden alijifunza Kiswahili sokoni kwa Waganda, ndiye aliyetutafsiria. Wani alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, na uso wote umefungwa kwa kitambaa, macho tu nje.

"Dokta, huyu ndugu yangu," Kiden alisema. "Alikuwa analala nje kambini, fisi akauma yeye. Sasa hapana toa kitambaa mbele ya watu. Kula, peke yake. Zamani yeye naimba kwa ng'ombe yake mpaka kambi yote naamka. Sasa ma fi. Kimya tu."

Alipofungua kitambaa niliona ncha ya pua haipo, na bawa moja limeondoka nayo. Kidonda kilikuwa kimepona kivyake, kimejikunja. Na juu ya macho, paji lake lilikuwa limekamilika: mistari mitatu ikishuka kutoka kila upande na kukutana katikati, alama alizochanjwa siku alipotoka utotoni.

Wasswa alifurahi. Daktari hufurahi akiona tatizo analolijua, msamehe. Pua hutengenezwa kwa ngozi ya paji. Ndiyo njia bora, kwa rangi na kwa unene. Unachora kipande, unakikata, unakiacha kimeshikilia mzizi wake wa damu pale karibu na nyusi, unakigeuza na kukishusha puani. Kipande cha namna hiyo tunakiita flapu. Paji unalishona, kovu linabaki la mstari. Wasswa alipapasa alama za Wani, akasikiliza mshipa kwa kifaa chetu kidogo cha kusikilizia damu, akasema damu inapita licha ya makovu. Akaeleza yote, akichora hewani kwa kidole.

Kiden akatafsiri. Wani akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno machache, na Kiden akatazama sakafu.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema, pua, fisi alichukua. Paji, daktari nataka kuchukua. Basi yeye nyumbani atarudi na nini?"

Nilianza kueleza kwamba mistari ya katikati tu ndiyo itakayokatika, kwamba pengine ingeweza kuchorwa tena. Wasswa akanigusa kiwiko ninyamaze. Alitoka nje, akasimama barazani na mikono mgongoni, akarudi.

"Iko njia ya zamani," alisema. "Sana zamani. Mkono."

Unachukua ngozi ya upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, hapo palipo laini na pasipo na nywele. Unainyanyua upande mmoja tu, na unaishona puani ikiwa bado imeungana na mkono. Mkono unafungwa kichwani kwa bandeji na plasta, kiganja juu ya utosi, kama wiki tatu, mpaka pua ianze kunywa damu ya usoni. Ndipo unakata. Kwenye miji yenye mashine kubwa za kushona mishipa hawaifanyi tena. Sisi hatukuwa na mashine hizo.

Wasswa hakumficha neno. Alimwambia ngozi ya mkono itakuwa na rangi yake, haitalingana na uso. Alimwambia watu wengi hushindwa kukaa vile hata siku moja, na mkono ukivutika ngozi inakufa. Ikifa, atabaki na kovu mkononi, bila pua, na hakutakuwa na njia nyingine isipokuwa lile paji. Au kitambaa, maisha yake yote.

"Weka mkono kichwani nione," Wasswa akamwambia. "Utaweza?"

Kiden alipotafsiri, Wani akacheka. Ndiyo mara ya kwanza tuliyomwona akicheka, na kwa tundu lile la pua kilikuwa kicheko cha ajabu. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaikunja, akaiacha pale kana kwamba ilizaliwa hivyo.

"Hii ni pembe," Kiden akatueleza. "Sisi, mwanaume anaimba kwa fahali yake, anainua mikono kama pembe. Huyu anafanya tangu mdogo."

Tukampasua. Nilichukua gegedu, ule mfupa laini, sikioni la kuinua ncha isilale, Wasswa akanyanyua ngozi ya mkono, tukashona taratibu, hakuna basi la kwenda Nimule. Tukamfunga. Tukamlaza wodini karibu na dirisha, ameegemea mito, mkono wa kulia kichwani, na joto la Juba mnalijua. Kiden alikuwa akitoka sokoni anakuja kumlisha kwa kijiko.

Siku ya tatu Wani akaimba. Ilianza chini chini, kama mtu anayejaribu kama sauti bado ipo.  Halafu akaiachia. Mgonjwa wa kitanda cha pili, fundi wa pikipiki aliyevunjika paja, akawa anampigia makofi kwenye chuma cha kitanda. Wauguzi walilalamika kidogo kwa ajili ya heshima ya kazi, kisha wakaanza kuulizana, "Leo hajaimba?"

Na asubuhi iliyofuata ngozi ikawa imevimba. Nikachoma sindano: damu nyeusi. Nikalegeza nyuzi mbili, nikaweka mkono sawa, jioni ikapata nafuu. Asubuhi ya pili, nyeusi tena. Wasswa akakagua plasta, akakagua mito, akaniambia, "Keji, leo usifanye kitu kingine. Kaa na yeye. Tazama."

Nikakaa. Alikula, alisinzia, mkono haukusogea. Alasiri akaanza kuimba, na hapo nikaona. Kila mstari wa wimbo kiwiko kilikwenda nyuma kidogo, na plasta iliyolainika kwa jasho ikakiachia njia. Wimbo ulipokolea, shina la ile ngozi, pale iliposhikana na mkono, lilikuwa limenyongwa kabisa. Hakuwa akijua. Macho alikuwa ameyafumba.

Nikamwambia Kiden amwambie asiimbe tena mpaka tumalize.

Kiden hakutafsiri. Alikuwa ameshika kijiko na bakuli, akanitazama machozi yakimlenga. "Dokta, malesh, samehe. Tangu fisi, hii ndiyo mara ya kwanza. Wewe unataka mimi niambie yeye anyamaze tena?"

Vijana wangu, mimi nilikuwa najua ngozi. Nilijua pia kwamba siku mbili zaidi za namna ile na pua imekwenda. Nikaweka sindano yangu chini. Mwisho nikasema, "Basi muulize kwa nini kiwiko kinakwenda nyuma."

Wani alifungua macho, akanieleza kwa utulivu, kama anavyoelezwa mtoto. Fahali wake, yule mweupe, pembe zake zinakwenda juu na nyuma. Ukimwimbia, mkono unamfuata. Utaimbaje pembe za nyuma na mkono mbele? Huo si wimbo, ni uongo.

"Hakuna fahali mwingine," nikauliza, "ambaye pembe yake inakuja mbele?"

Hapo nilimkosea adabu. Kiden mwenyewe aliguna kabla ya kutafsiri, na Wani akageuza uso kwenye dirisha, kiasi ambacho plasta ilimruhusu. Kwao huimbi fahali wa mtu mwingine, ni kama kujivika jina la mtu. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Fundi wa pikipiki naye akajifanya amelala.

Ndipo Wani akasema kitu bila kugeuka, kwa sauti ya chini.

"Anasema," Kiden akanong'ona, "fahali ya baba. Marehemu baba yetu. Hiyo mtoto anaweza kuimba, hapana aibu. Ile pembe ya kulia ilikuja mbele, ikafunika jicho kidogo. Mimi pia nakumbuka. Mimi nilikuwa naogopa ile ng'ombe."

Akaanza. Wimbo ulikuwa mzito kuliko ule wa kwanza, na maneno mengine aliyasahau, Kiden akamkumbusha. Na kiwiko, bila mtu kukigusa, kikaja mbele. Kikapita pale tulipokiweka sisi, kikatulia juu ya jicho la kulia. Shina la ngozi likalegea. Nilimwita Wasswa, akaja akasimama mlangoni, akasema, "Funga hapo hapo. Weka plasta mpya hapo hapo, kama baba yake naweka." Tukafunga.

Asubuhi nikachoma sindano. Damu ilikuwa nyekundu, angavu. Nililia mbele ya wodi nzima na sioni haya kuwaambia. Fundi wa pikipiki akauliza kama mgonjwa amekufa.

Wiki tatu zilipotimia, kabla ya kukata, tulibana shina kwa mpira laini na kusubiri, tukigusa, tukichoma. Ilibaki na joto. Tukakata, mkono ukashuka, na Wani alihitaji siku nyingi za mazoezi bega likubali kwamba vita vimekwisha. Sitawapamba. Ukingo mdogo wa ncha ulikufa ukadondoka, na tundu moja lilitoka dogo kuliko jingine. Na rangi ilikuwa kama Wasswa alivyosema. Katikati ya uso ule mweusi kulikuwa na kiraka cha kahawia.

Tulipompa kioo aligusa paji kwanza, mstari kwa mstari. Kisha pua. Akarudisha kioo akasema, "Kalas," yaani imetosha, akatushukuru.

"Iko nzuri," Wasswa aliniambia tulipokuwa tukinawa, "lakini naonekana." Niliumia kwa neno hilo, maana lilikuwa kweli. Kazi yetu ikifanyika sawasawa haionekani. Wani aliondoka Juba na kile kiraka, na mimi nikabaki nacho pia, nikikiona kila nilipofumba macho. Nilijiuliza kama kitambaa kimerudi usoni.

Kiangazi Kiden akaja hospitalini kuniita. Alisema nyumbani wanataka kuniona. Tukapanda gari la maziwa alfajiri kwenda kaskazini, kufuata mto, mpaka kwenye kambi yao. Kulikuwa na moshi kila mahali, wa samadi iliyokaushwa na kuchomwa, ng'ombe wamefungwa safu kwa safu, pembe zimejaa moshini. Kiden akakimbilia kwa mama yake, akaniacha nijitembeze.

Nilikwenda nikikagua nyuso. Nilikuwa nakitafuta kile kiraka. Lakini asubuhi hiyo kila mwanaume pale alikuwa amejipaka majivu ya samadi, utosini mpaka miguuni, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya urembo, na wote walikuwa rangi moja, kijivu cheupe. Nikamkuta mmoja anamsugua fahali mweupe mgongoni. Uso wazi. Nikasimama mbele yake, nikamsalimu, nikamtazama vizuri nisije nikampita mtu bila adabu. Mistari mitatu ya paji lake ilishuka huku na huku, ikakutana katikati bila kukatika. Nikamuuliza kwa Kiarabu chetu cha Juba, "Wani fi wen?" Wani yuko wapi?

Akaacha kumsugua fahali. Akanitazama kwa mshangao, halafu akaanza kutabasamu.

"Ya doktora," akasema, "de ana." Ndiye mimi.

Vijana wangu, pua ile niliishona kwa mikono yangu hii, nyuzi zake nazijua moja moja. Nilikuwa nimemtazama Wani usoni, karibu kabisa, nikamuuliza Wani yuko wapi.